Plagi Iliyopachikwa kwenye Ekzosi

Nyie mnaosoma magari kwa mashine, karibuni mkae. Najua mkiniona na baibui langu na miwani hii niliyoifunga kwa kamba mnadhani bibi kaja kuuza maandazi. Nimewahi kuyauza pia, sikatai. Lakini mkono uliokanda unga ule ndio uliofungua vichwa vya silinda kule Gerezani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, miaka ile ya Ujamaa, sabuni ikiwa ya foleni na sisi mafundi tukinawa grisi kwa majivu.

Juzi nilipita kwenye gereji moja, nikamkuta fundi kachomeka mashine yake kwenye gari, mashine ikamwandikia kwamba sensa ya oksijeni ina kasoro. Hapo hapo akaanza kuing'oa. Nikamwuliza, "Ekzosi umeinusa? Plagi umezitazama?" Akanikodolea macho kama nimemwuliza iwapo ameliamkia gari shikamoo. Ndiyo maana nikasema niwasimulie sensa ya kwanza niliyoishika mimi, wakati ambapo neno sensa kwetu lilikuwa kuhesabu watu basi.

Kazi nilifundishwa na Mjomba Selemani, kaka yake mama. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake mwenyewe, kuku wakipita chini ya magari na mkewe akipika pembeni, hivyo wateja waliokuja saa za mchana walikuwa na magonjwa mengi ya gari yasiyoeleweka. Mjomba alikuwa fundi wa pua. Kabla hajagusa spana angekwenda nyuma ya gari, ainame, avute hewa kama mtu anayeonja mchuzi, halafu atie kidole kwenye bomba la ekzosi na kukitazama juani. Masizi makavu meusi, petroli imezidi. Meusi yenye mafuta mafuta, injini inakula oili. Kijivu au kahawia, mshukuru Mungu, funga boneti. Mteja akiwa mjuaji sana, Mjomba alimpa mkono wa kwaheri kwa kidole kile kile.

Na mimi nilikuwa na yangu. Mtu akiingia uani na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" huku ananitazama mimi na spana mkononi, nilimjibu, "Amekwenda kunywa kahawa, atarudi sasa hivi. Hebu nikufungulie boneti isije ikapoa kazi." Akimaliza kusubiri, gari limekwisha. Wengine waliondoka wakiniachia salamu nimpe fundi. Nilizipokea zote.

Sasa siku hiyo liliingia gari refu, la mraba kama kabati la nguo, limetoka ng'ambo kwa meli. Mwenyewe aliitwa Bwana Mutalemwa, mkubwa kwenye ofisi moja pale Posta, anakaa Upanga. Alikuwa amefanya kazi nje miaka kadhaa, akarudi nalo. Lakini aliyeliendesha mpaka kwetu ni dereva wake, Chande, kijana wa Masasi, mpole, shati limenyooka kwa pasi kuliko la bosi wake. Alishuka, akamwamkia Mjomba, kisha akasimama karibu na mlango wa gari kama mtu aliyefikishwa kituoni.

"Lina nini?" Mjomba akamwuliza.

"Linakunywa petroli, mzee. Linakunywa kuliko ninavyoweza kueleza."

Mngekuwepo mngeelewa kwa nini aliogopa. Petroli wakati ule ilikuwa ya vibali. Magari yalilala sheli yakisubiri, na Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa kabisa barabarani. Tena walanguzi walikuwa wanasakwa. Mtu akikutwa na dumu la petroli asiloweza kulieleza, analala ndani. Bwana Mutalemwa alikuwa amepiga hesabu zake, akaona mafuta yanayoingia kwenye tenki hayalingani na safari za Upanga na Posta. Akahitimisha kwamba Chande anayanyonya na kuyauza. Alikuwa amekwisha kulipeleka shauri kwa Mzee Kibwana, balozi wa nyumba kumi wa mtaa aliokuwa akiishi Chande.

Niwaeleze kidogo, maana nyie mabalozi wenu ni wale wa kwenye ndege. Balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama kwenye nyumba chache za jirani. Alijua nani kalala kwa nani, nani ana mgeni, nani ana kazi na nani hana. Akisema wewe ni mtu mbaya, umekwisha kuwa mtu mbaya. Na Mzee Kibwana alipenda kesi. Kesi ya kuku ilimchukua wiki nzima, na alisikitika ilipoisha.

"Bosi amesema gari likaguliwe hapa," Chande akasema. "Mkisema gari ni zima, basi mwizi ni mimi."

Mjomba akanitazama. "Mwanaidi, mwangalie mwenzio huyu. Usije ukafanya haraka."

Nikafungua boneti, nikaanza kutafuta kabureta, kile chombo kinachochanganya hewa na petroli. Maana kwa magari yote tuliyoyazoea, gari likinywa petroli unakwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto. Hakuna. Nikaona vijibomba vyembamba vimetawanyika kwenda kila silinda kama miguu ya buibui. Nikaona haya kumwuliza Mjomba kabureta iko wapi, nikajifanya napangusa. Baadaye nikagundua na yeye alikuwa upande wa pili anapangusa.

Tulichokijua tukakifanya. Nikang'oa plagi, zile zinazowasha moto ndani ya silinda: zote nyeusi, kavu, kama zimechovywa kwenye masizi ya jiko. Mjomba akatia kidole kwenye bomba, kikatoka cheusi hivyo hivyo. Kwa hiyo petroli ilikuwa inazidi kweli. Nikamwona Chande anavuta pumzi kwa mara ya kwanza. Nikamwambia asifurahi bado, maana kujua gari linaumwa si kujua linaumwa nini, na bosi wake angetaka aoneshwe.

Tukasafisha plagi, nikarudisha, nikawasha. Hapo ndipo gari lilipoanza utundu wake. Likiwa la baridi lilikwenda vizuri, moshi kidogo wa kawaida wa asubuhi. Lilipopata moto, ghafla injini ikawa nzito, nyuma likaanza kutoa moshi mweusi, mke wa Mjomba akafunika sufuria. Kulikuwa na skrubu ndogo ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli. Nikapunguza petroli, injini ikatulia. Nikageuka kuchukua kitambaa, ikarudi palepale. Nikapunguza tena, ikarudi tena. Ni kama unamnyang'anya mtoto sukari, ukigeuka kakopo kamefunguliwa.

Nikazima, nikakaa juu ya tairi, nikafikiri. Kitu kinachobadilisha mawazo ya injini kinaamka pale tu ekzosi inapopata moto. Basi nisitafute mbele, nitafute huko kwenye moto. Nikajilaza chini ya gari, nikafuata bomba la ekzosi kutoka kwenye injini, na pale nikakuta plagi. Plagi kabisa, ina kichwa cha spana, imepachikwa kwenye bomba la moshi, na waya mmoja unatoka mgongoni.

Nilicheka peke yangu chini ya gari. Nikamwita Mjomba, "Njoo uone, wazungu wamesahau plagi kwenye ekzosi."

Mjomba akaingia chini na yeye, tukalala ubavu kwa ubavu tunaitazama. Hakucheka. Alisema aliwahi kuambiwa na fundi mmoja wa melini kwamba huko nje wanaanza kuweka kitu kinachoonja moshi. Kinaonja kama moshi umebakiwa na hewa, halafu kinapeleka habari kwenye kisanduku cha umeme, na kisanduku ndicho kinachoamua kuongeza au kupunguza petroli. "Mimi nilijua ananidanganya," Mjomba akasema. "Kumbe kuna pua nyingine zaidi ya yangu."

Nikaufuata ule waya kwa mkono mpaka ulikoingia, kwenye kisanduku chini ya dashibodi, upande wa abiria. Tukaleta mita ya umeme, ile ya mshale. Tukawasha, tukaacha ekzosi ipate moto sawasawa, tukapima kwenye waya. Pua hiyo, ambayo ndiyo sensa yenu ya leo, ikiwa hai mshale unapaswa kucheza, unapanda na kushuka chini ya volti moja, maana moshi haukai na ladha moja. Huu ulilala karibu na sifuri kama mtu mwenye homa. Nikabana kidogo mlango wa hewa ili petroli izidi makusudi na moshi uwe mzito, ulipaswa upande. Haukujisumbua.

Hapa msikilize vizuri, maana ndipo mnapokosea na mashine zenu. Pua ikifa ikalala chini, inakuwa kama inamwambia kisanduku, "Hewa imezidi, hewa imezidi." Kisanduku, mtiifu, kinaongeza petroli. Pua haisikii. Kinaongeza tena. Lakini mshale ukilala chini usiihukumu pua papo hapo. Huenda bomba la ekzosi limetoboka kabla ya pua, hewa ya nje inaingia, na pua inasema kweli tupu. Nilipitisha mkono na moshi wa kitambaa kinachofuka kwenye maungio yote. Nikatazama mipira ya hewa kama imepasuka. Vilikuwa vizima. Ndipo nikaing'oa pua yenyewe, kwa taabu, injini ikiwa na uvuguvugu ili uzi usikatike. Ncha yake ilikuwa imevaa utando wa kijivu, mgumu, kama kigaga cha chungu.

"Risasi," Mjomba akasema. Petroli yetu ilitiwa madini ya risasi, na alikuwa ameuona utando huo kwenye plagi maisha yake yote. Kule gari lilikotoka walikuwa wameanza kuuza petroli isiyo na risasi. Pua ilikuja kwetu, ikavuta hewa ya Dar es Salaam, ikaziba.

Ya kununua haikuwepo. Wakati huo hata utepe wa breki ulikuwa wa kuomba, sembuse pua ya ekzosi. Lakini Mjomba aliniuliza swali ambalo nimelitumia mpaka nilipostaafu: "Mtu akikupa habari za uongo kila siku na huwezi kumbadilisha, unafanyaje?"

"Simsikilizi."

"Basi."

Tukairudisha kwenye tundu lake ili moshi usivuje, nikachomoa waya. Kisanduku kilipokosa habari kikaenda na kipimo chake cha katikati. Injini ikatulia, moshi ukakatika. Nikachomeka waya, tukasubiri, moshi ukarudi. Nikachomoa, ukakatika. Chande alinitazama nikifanya hivyo mara kadhaa kama mtoto anayewasha na kuzima taa. Akaniomba na yeye ajaribu.

Kesi ilisikilizwa barazani kwa Mzee Kibwana, gari limeegeshwa mbele ya nyumba, mtaa mzima umejaa, na wachukuzi wa Kariakoo waliokuwa wakipita wameegesha mikokoteni yao waone. Bwana Mutalemwa alikaa kwenye kiti, miguu amekunja, heshima zake zote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupanga foleni.

"Fundi aeleze," Balozi akasema, akimtazama Mjomba.

"Fundi ni huyu," Mjomba akasema, akininyoshea kidole. Watu wakacheka kidogo, Balozi akawanyamazisha kwa fimbo.

Nikaanza. "Shikamoo Balozi. Gari hili lina kitu kinachonusa moshi. Kimeharibika kwa sababu petroli yetu ina risasi."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na gari akainuka, akachukua kiti chake, akahamia upande mwingine wa baraza. Balozi naye akasogeza fimbo yake mbali na tenki. "Risasi za nani?" akauliza polepole.

Ikabidi nieleze kwamba ni risasi ya madini, ile wavuvi wanayofungia kwenye nyavu, si ya bunduki. Sijui kama wote waliniamini, maana hakuna aliyerudisha kiti. Nikawasha gari. Tulikuwa tumelipasha moto njiani, kwa hiyo halikutuangusha. Waya nimeuchomeka, moshi mweusi ukawafuata wachukuzi na mikokoteni yao. Nikamwita Bwana Mutalemwa mwenyewe aje. Nikamwonesha waya, nikamwambia auchomoe kwa mkono wake. Akauchomoa. Tukasubiri. Injini ikatulia, na mwisho wa bomba pakabaki joto tu linalotetemeka.

Bwana Mutalemwa akaupangusa mkono wake kwa leso. Kisha akamgeukia Chande, mbele ya watu wote, akamwambia, "Nilikosea, Chande. Nisamehe." Chande akainamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, bosi." Mtu wa cheo chake kusema vile barazani haikuwa jambo dogo, nami nilimheshimu tangu hapo.

Lililonishangaza ni Balozi. Nilitegemea aulize maswali mpaka magharibi. Hakuuliza hata moja zaidi. Aligonga fimbo chini, akasema, "Mimi nimeridhika. Mwizi ni gari. Shauri limefungwa," akaingia ndani.

Nikafurahi. Kijana wa kike, nimeshinda kesi, nani ataacha kufurahi. Kumbe ushindi wangu ulikuwa umebakiwa na kipande.

Baada ya muda Bwana Mutalemwa akaja mwenyewe gereji, ameridhika. Petroli sasa ilikuwa inakaa. Lakini Mjomba alimhoji safari zake moja moja, akakuna kichwa. Alipoondoka na kutuachia gari na dereva, Mjomba akaniambia, "Bado kuna inayopungua. Kidogo, lakini ipo. Kalijaribu barabarani."

Nikapanda na Chande. Tukazunguka Kariakoo, tukatelemka mpaka Posta, tukarudi. Injini ilikuwa safi kama saa. Tulikuwa tunaongea, anachekesha, anaendesha kwa mazoea, na kwa mazoea hayo hayo akakata kona, akaingia kichochoro cha nyuma ya nyumba ya Balozi, akazima. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba nimo. Alinitazama, uso umemshuka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka Mzee Kibwana, kanzu ameikunja mpaka magotini, mkono huu faneli ya kumiminia, mkono huu mpira mrefu wa kunyonyea petroli. Nyuma yake pikipiki yake ya Vespa imesimama, kifuniko cha tenki kimekwisha kufunguliwa.

"Shikamoo Balozi," nikasema.

"Marahaba, binti." Akaitazama faneli kama mtu aliyepewa na mpita njia. "Nilikuwa natafuta chombo cha kutilia mafuta ya nazi."

"Ndicho hicho hicho," nikasema.

"Ndicho hicho," akasema, akarudi ndani.

Chande hakuwasha gari mpaka aliponieleza. Alikuwa anaishi na mdogo wake, Hamisi, aliyekuja mjini kutoka Masasi na kuuza machungwa sokoni. Hamisi hakuwa na kazi inayotambulika, na wakati huo wasio na kazi walikuwa wanakusanywa na kurudishwa vijijini. Balozi alilijua hilo. Hakumtisha Chande hata mara moja. Alimwambia tu kwamba Vespa yake ina kiu, na kwamba yeye bado hajamwona Hamisi.

"Kwa hiyo siku ile ulipotuletea gari ulikuwa unaogopa nini?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naogopa gari litakutwa zima," akasema. "Na nilikuwa naogopa litakutwa bovu, niendelee kumpa Balozi petroli."

Nikisema, Chande anapoteza kazi na Hamisi anapanda lori. Nikinyamaza, kijana huyu ataiba petroli mpaka Vespa ya Balozi izeeke. Nikaenda kwa Mjomba nikamweleza yote. Alisikiliza huku anafunga nati, hakuacha.

"Gari tumeshatengeneza," akasema mwishoni. "Balozi hana spea."

Lakini kesho yake alimwita Bwana Mutalemwa, akamwambia petroli ya siku hizi inatoka kwenye mapipa yenye kutu, jambo lililokuwa kweli, na kwamba gari la thamani namna hiyo linataka chujio. Akakubali. Tukafungua shingo ya tenki, tukapachika ndani yake kipande cha bati nilichokitoboa matundu kwa msumari. Petroli ilipita. Mpira haukupita. Mjomba akamwambia Chande, "Wewe usimkatalie mtu kitu. Sema tu mafundi ndio wameharibu."

Balozi alikuja mwenyewe kuthibitisha. Alikuja akiisukuma Vespa kwa mikono, jua la mchana, kofia imelowa. Gari lilikuwa uani kwetu kwa kuoshwa plagi. Akasalimia, akafungua kifuniko cha tenki kama anayekagua usafi, akachungulia.

"Hili bati linatoka?"

"Linatoka, Balozi," Mjomba akasema. "Ila mpaka mwenye gari awepo, tushushe tenki lote."

Balozi akafunga kifuniko. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, nikiosha mikono kwa kile kipetroli kilichobaki kwenye sahani ya kuoshea plagi, taratibu, kidole baada ya kidole. Alinitazama, akaitazama sahani. Sikuharakisha. Nilipomaliza nikamwaga chini.

Hakusema kitu juu ya Hamisi, siku ile wala baadaye. Sijui kama alikuwa mwoga au alikuwa na utu. Huenda alijua kwamba sasa watu watatu wanaijua habari ya faneli. Aliaga, akaigeuza Vespa, akaanza kuisukuma kuelekea barabarani, na hapo pana kimwinuko. Mimi nilikuwa najiandaa kucheka. Chande akaweka kitambaa chake juu ya boneti, akakunja mikono ya shati lile lililopigwa pasi, akamfuata mzee, akaanza kumsukumia Vespa kwa nyuma.